Kuku Asiye na Manyoya

Daftari langu la dawa lina safu nne:
kuku, mbuzi, ng'ombe, mbwa.
Afisa hulipitia kila robo mwaka.

Ilikuwa Julai, salfa inapepea juu ya mikorosho,
Newala nzima inakohoa njano,
akaingia binti wa darasa la tano
na kibuyu kilichokatwa juu, kimefungwa chandarua.

"Shikamoo. Una vitamini?"
"Marahaba. Ya kuku ipo."
"Huyu si kuku."

Nilifunua. Nikarudi nyuma hatua mbili, nakiri:
mifugo nimeisomea chuoni miaka miwili,
lakini bibi alinisomesha kabla ya chuo,
kwamba kinyonga akikatiza njia, ghairi safari.

Amefumba macho yote mawili,
yamevimba kama mbaazi zilizolowekwa.
Mguu wa mbele umepinda kama ndoana.
Kijiti amekishika kwa mazoea tu, nguvu hana.
Na rangi? Yeye, kinyonga, hana rangi. Jivu.

"Anaitwa nani?"
"Hajapata jina. Mimi naitwa Sijaona."
Nikacheka. Kisha nikayatazama tena yale macho.

Alimkuta shinani, baba yake alipomaliza kupuliza.
Panzi wote walikuwa wamehama.
Wanaume wa barazani walishamtia ugoro mdomoni
ili waone anavyolewa.
"Unamlisha nini?"
"Chenga za mchele."
Chenga! Ewe mwana.

Chupa imeandikwa: kuku mia, maji lita ishirini.
Nikageuza boksi la sindano, nikapiga hesabu mgongoni,
kuku mia nigawe kwa kiumbe mwenye uzito wa yai,
nikafuta, nikarudia, na mate yakanikauka.

"Ncha ya pini. Basi. Wiki mbili zipite ndipo umpe tena.
Mapenzi yasikutume umwongeze:
hii hii ya kufungua jicho, ikizidi, ni sumu."

"Na mguu?"
"Kusanya maganda ya mayai, uyaanike, uyatwange,
uchekeche kwa kanga iliyochakaa.
Panzi mtafute bondeni, huko salfa haifiki.
Mlishe boga siku nzima;
kinyonga hali boga, ila atalila tumboni mwa panzi.
Kisha mtie panzi koponi na ule unga, utikise,
atoke mweupe kama mtu wa mashine ya kusaga.
Na jua! Ukungu wa Shimo la Mungu ukishapanda,
mtoe nje, kivuli kiwe karibu.
Bila jua, ganda hilo litapita tu, mfupa usilione."

Akafikiri. "Kumbe kama baba na mkorosho.
Naye anapuliza unga mti upone."
"Kama baba. Ila unga wa baba usimsogelee huyu."

Alifungua fundo: mia mbili, na korosho sita.
Korosho nilizichukua, mia mbili nikamrudishia,
alipotoka nikajuta. Dawa ya bure
watu huisahau juu ya kabati.

Kwenye safu ya kuku niliandika:
Mmoja. Hana manyoya.

Wiki ya tatu alirudi mikono mitupu.
Nikajifanya napanga makopo ya dawa ya minyoo.
"Jicho la kulia limefunguka," akasema.
"La kushoto?"
"Bado. Lakini kwa hilo moja alimwona panzi,
ulimi ukatoka, ukakosa, ukanipiga hapa."
Akainua kidole kama bibi harusi.

Nilimwambia ukweli: mguu uliopinda umepinda,
unga utazuia mingine tu.
"Sawa," akasema. "Kwani haendi mbali."

Mwezi wa tisa afisa alilipekua daftari,
miwani puani, kalamu nyekundu mkononi.
"Kuku asiye na manyoya," akauliza, "huu ni ugonjwa gani?
Niuandikeje wilayani?"

Andika, nikamwambia,
anapona.